Uzi wenye shanga

Saa tano usiku imeshapita na bado nimekaa mbele ya mashine. Ndani yake kuna kichupa chembamba cha kioo, na ndani ya kichupa kuna matone ya maji yenye vipande vifupi vya kolajeni, protini inayoshikilia mifupa na ngozi, tulivyovitengeneza wenyewe. Ninavipasha joto polepole, digrii moja kwa dakika kadhaa, maana kolajeni ukiiharakisha inakupa jibu la uongo. Kila digrii mashine inapitisha mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 225, na kwa namna mwanga huo unavyofyonzwa ninajua ni nyuzi ngapi bado zimesokotana na ngapi zimeshaachana. Kazi yangu ni kungoja tu. Na nikingoja, mawazo yananirudisha kwa yule mama wa asubuhi.

Alikuja kliniki na mwanawe wa miaka minane, mwenye ugonjwa wa kurithiwa kwenye jeni unaofanya mifupa ivunjike kwa urahisi, osteogenesis imperfecta. Mimi si daktari wa kutibu. Huwa ninaitwa kueleza majibu ya jeni pale yanapokuwa magumu. Mtoto ameshavunjika mara nyingi, hata mama yake huhesabu kwa viungo badala ya miaka: mkono, paja, mkono tena, mguu. Weupe wa macho yake una ubuluu, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa huu, kwa kuwa ukuta wa jicho umekuwa mwembamba na rangi ya tabaka la ndani inaonekana. Katika hospitali ya kwanza walikopita hakuna aliyeyatazama macho hayo. Walichomuuliza mama ni nani anampiga mtoto nyumbani. Alinisimulia hilo bila kupaza sauti, huku amemshika mwanawe kiwiko kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai.

Kisha akaniuliza, "Daktari, nilikula nini nikiwa na mimba yake? Au nilikosa kula nini?"

Nimeulizwa hivyo na kina mama wengi, na sijazoea. Nikamjibu, "Hapana, mama. Si chakula, wala si jambo ulilolifanya." Lakini jibu kama hilo, likiachwa peke yake, mtu huliona ni la kumpoza tu. Nilitaka aondoke akiwa amelielewa.

Yapo maradhi ya kolajeni yanayoletwa na chakula. Kiseyeye ni hivyo: mwili ukikosa vitamini C hushindwa kuikamilisha prolini, mojawapo ya asidi amino, yaani matofali madogo yanayojenga protini, nyuzi za kolajeni hazikazani vizuri kwenye joto la mwili, fizi hutoka damu na makovu ya zamani hufumuka. Mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza, James Lind aliwapa mabaharia wawili machungwa na limau, na kwa siku chache tu wakainuka. Mtoto huyu hana upungufu huo. Kwake kosa liko kwenye maandishi yenyewe ya jeni. Mahali pamoja herufi G imekuwa A, na kwa hiyo asidi amino moja, glisini, imekuwa nyingine kubwa zaidi, serini. Vipimo vya damu ya baba na mama havina kosa hilo, limezuka kwake. Ndiyo maana pia nilimsihi mama asipoteze fedha kwenye unga wa kolajeni anaosifiwa kila upande. Tumbo huuvunjavunja kama protini nyingine yoyote, kisha mwili hujenga upya kwa kufuata maandishi yale yale.

"Herufi moja tu?" akauliza. Nikaona haniamini, na nisingemlaumu.

Nikafungua droo nikatoa nyuzi za sufu: mbili nyekundu, moja nyeupe. Kolajeni ya mifupa ndivyo ilivyo, nyuzi mbili za aina moja na ya tatu ya aina nyingine, zimesokotwa pamoja. Katika sehemu inayosokotwa kila uzi una asidi amino 1,014, na kila ya tatu lazima iwe glisini; mara 338 bila kuruka hata moja. Sababu ni nafasi. Katikati ya msokoto nyuzi tatu zimebanana mno, na asidi amino pekee inayoenea pale ni glisini, ambayo ubavuni mwake ina atomu moja tu ya haidrojeni. Nilizisokota zile sufu mbele ya mtoto zikakaza vizuri. Kisha nikazifungua, nikatia shanga ndogo, ndiyo serini, kwenye uzi mmoja mwekundu, nikazisokota tena. Penye shanga zikaachama. Mtoto akatia ukucha kwenye ule mwanya, akaupitisha juu na chini, akanyamaza kwa muda mrefu.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Kwa kolajeni hiyo ni nusu ya habari. Nyuzi hizi huanza kushikana kwenye ncha moja, zikaenda kama zipu hadi ncha ya pili. Zikifika penye kosa hukwama, na wakati zimekwama, sehemu ambayo haijasokotwa huendelea kubandikwa sukari kupita kiasi. Kwa hiyo ubovu huendelea mbele hata mahali ambapo maandishi ni safi. Na kuna hesabu nyingine ambayo hunisikitisha kila ninapoiandika ubaoni. Mtoto huyu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja nzima na moja yenye kosa. Mtu angedhani nusu ya kolajeni yake ni nzima. Sivyo. Kila kamba inahitaji nyuzi mbili nyekundu, na uwezekano wa zote mbili kutoka nakala nzima ni robo. Robo tatu ya kamba zina angalau uzi mmoja wenye shanga.

Wapo wagonjwa wengine ambao nakala yao mbovu imeharibika kabisa, haitoi uzi wowote. Hao hutengeneza nusu tu ya kolajeni inayotakiwa, lakini nusu hiyo yote ni nzima, na kwa kawaida ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi. Heri kupungukiwa kuliko kuchanganyiwa kibovu. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza mama hilo, mtoto akanitangulia.

"Si uutupe tu huo uzi wenye shanga?" akasema.

Nilimtazama, nikakosa la kusema kwa muda. Hilo ndilo jambo ambalo watafiti wamekuwa wakilijaribu kwenye seli na kwenye panya: kuinyamazisha nakala mbovu peke yake, ili ugonjwa mzito uwe mwepesi. Ugumu wake ni kwamba nakala mbili zinatofautiana kwa herufi moja, na dawa haina budi kuigusa moja na kuiacha nyingine. Nilimwambia ukweli huo wote, pamoja na kwamba dawa hiyo haijafika kliniki. Dawa anazopewa sasa hupunguza kasi ya mwili kuubomoa mfupa wake. Kolajeni yenyewe haziirekebishi. Akatikisa kichwa kama fundi aliyepewa vipimo.

Mashine imefika digrii 20 na mstari wa grafu yake bado umenyooka.

Usiku kama huu huwa ninamkumbuka G. N. Ramachandran, mwanasayansi wa India. Mwaka 1954, akiwa Madras na mwenzake Gopinath Kartha, walitoa wazo la nyuzi tatu, wakitegemea picha za eksirei, na katika sampuli zao kulikuwa na kano za mkia wa kangaruu. Mwaka uliofuata wanasayansi wengine wawili, Alexander Rich na Francis Crick, wakakosoa: umbo ni sahihi, ila atomu kadhaa zimesogezwa karibu mno. Wengi wangechukia wakaishia hapo. Yeye akaigeuza lawama kuwa swali, atomu za protini zinaweza kukaribiana kiasi gani, akalifuatilia hadi mwaka 1963 alipotoa ramani ya pembe ambazo mnyororo wa protini unaweza kujipinda, ambayo kila anayechora protini leo huitumia. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika historia ya kolajeni. Nafasi ndogo katikati ya kamba ndiyo waliyobishania, na ndiyo hiyo hiyo inayovunja mifupa ya yule mtoto.

Mstari umeanza kushuka. Kipande chenye glisini zote huachana kwenye digrii 60 hivi. Hiki cha usiku huu kina alanini mahali pa glisini moja, ambayo ni nyongeza ya kaboni moja na haidrojeni zake mbili tu, na kabla ya digrii 30 nusu ya kamba zimeshafumuka. Joto la mwili ni 37. Nimeiandika namba kwenye daftari, nikaipigia mstari.

Mtoto aliniomba ile kamba ya sufu, na aliondoka nayo mfukoni, shanga ikiwa ndani. Kichupa kinachofuata ni cha serini. Nimekisafisha, nimekijaza, nimerudisha joto kwenye digrii 4 ili nyuzi zipate usiku kucha wa kusokotana kabla sijaanza kuzipasha.