Doa la Jivii

Jana tulikuwa tunatoa foronya za zamani za kukatia matambara. Binti yangu akainua moja. "Baba, nani alimwaga wino hapa?"

Si wino. Ni jivii, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda, na foronya hiyo nimeiloweka kwa Jik mpaka nikachoka.

Alikuwa na miaka minne. Mamake alienda matanga Kakamega wiki nzima, tukabaki wawili kwenye ile ploti ya Kaptembwo, Nakuru, yenye mfereji mmoja. Kalianza kalengelenge chini ya pua, kesho yake kakapasuka kakatoa maji. Nikasema ni mashilingi, ule ugonjwa wa fangasi wa ngozi, nikanunua krimu ya mashilingi. Siku ya tatu vilikuwa vitano: shavuni, kidevuni, hadi kwenye mkono aliojikunia. Nikapaka jivii. Akawa kama mwizi wa zambarau, na chini ya rangi ile sikuona tena kama kidonda kinapona au kinazidi.

Wa kulaumiwa nilishampata. Jirani wa mlango wa tatu alikuwa na kijana ambaye kamasi zake hazikauki, na walicheza pamoja. Nikamwambia mamake pale mferejini, watu wakisikia, amfungie mtoto wake ndani. Hakujibu. Alijaza mtungi wake polepole, akafunga mfereji, akaondoka.

Zahanati tulimkuta daktari msichana. Hakuandika kitu kwanza. Aliomba maji ya uvuguvugu, akalowesha shashi, akaiweka juu ya kidonda cha kidevuni, akaiacha. Tukasubiri wote watatu, kimya, mtoto akinitazama mimi badala ya daktari. Kisha akafuta taratibu kuelekea upande mmoja, na gaga likajitoa lenyewe: kipande cha rangi ya asali, kama sukari guru iliyogandia ukingo wa sufuria. Chini yake ngozi nyekundu, mbichi, inang'aa.

"Ukiona gaga la rangi hii, fikiria impetigo," akasema. "Mashilingi huwa duara, katikati panapoa. Hii ni bakteria, krimu yako haiwezi kuwagusa." Akafunga shashi ndani ya glavu. "Baba, nyumbani nani ana jipu?"

Mkono wangu wa kushoto ukajibana wenyewe.

Jipu la kwapani nilikuwa nalo wiki ya pili. Na taulo nyuma ya mlango lilikuwa moja, la kijani, langu na lake.

Mengine aliyasema haraka. Sirapu mara nne kwa siku, siku 7, hata akionekana amepona (ilikuwa chungu, alinitemea shati zima). Kucha fupi. Taulo lake peke yake. Chekechea asiende mpaka atimize siku mbili za dawa. Na kwa wiki chache niangalie asivimbe uso wala mkojo usiwe mweusi kama soda, kwa sababu figo zinaweza kuguswa baadaye.

Siku ya tano, magaga yameisha, yule jirani akabisha hodi na bakuli la uji wa wimbi. "Wa mtoto," akasema. Nikasema asante. Maneno ya taulo yalikuwa tayari mdomoni, yakabaki humo. Mwaka uliofuata tukahamia mtaa wa Free Area.

"Ni dawa," nikamjibu binti yangu. "Ulikuwa na vidonda."

"Nani aliniambukiza?"

Nikamwambia alete makasi.