Wavu wa goli, jaribio la tatu: umeshika

Umeshika. Naandika usiku huu huu, vidole viwili vimefungwa plasta na gumba halikunji vizuri. Wavu wa goli la upande wa mtoni uko juu tangu saa tisa alasiri, umepigwa mashuti mpaka adhana ya magharibi, na hakuna fundo hata moja lililoteleza.

Milingoti sitaieleza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, bomba la inchi 3 halinisumbui. Mita 7.32 kwa 2.44, mtambaapanya umenyooka, zile boriti za mikoko za zamani tumezigawa kuni. Kazi ya siku mbili niliyoiahirisha miaka miwili. Tuendelee.

Kilichonitoa jasho ni wavu.

Mwanangu alikuwa na miaka 15, mguu wa kushoto, na mtaa mzima ulimwita Winga. Mimi nikawa Baba Winga. Jina lake alilopewa siku ya akika alilitumia mama yake peke yake, na alilitumia akiwa amekasirika. Goli lisilo na wavu lilimuudhi kuliko kufungwa. Kwanza ule ubishi: mpira ukipita jirani na mlingoti, robo saa nzima ni "limeingia, halijaingia", na mwenye sauti kubwa ndiye mwenye bao. Halafu akishafunga, mpira unakwenda zake mpaka kwenye minazi, siku nyingine mpaka mtoni, na sheria ya chandimu, mpira wa mtaani, mnaijua, aliyepiga ndiye anayeufuata. "Baba, mimi nafunga halafu napewa adhabu." Nikamwambia wavu si kitu, babu yako alivua kwa jarife maisha yake yote, nitakushonea. Wiki ijayo.

Pangani imejaa nyavu. Ukishuka kivukoni unazikanyaga. Ndiyo maana hata sikuona haraka.

Alhamisi moja mwaka jana, baada ya shule, alianguka karibu na kibendera cha kona. Hakuguswa na mtu. Watoto walidhani anatania.

Basi, jaribio la kwanza. Lilianza baada ya arobaini, kwa sababu usingizi ulikuwa umenihama na sikutaka kukaa na watu. Nilishona kama nilivyomwona baba akishona, mstari kwa mstari, matundu ya mshazari. Mita 7.5 ukiunyoosha. Wenye ujuzi mmeshaanza kucheka. Nilipoutundika na kuuvuta ufike mlingoti wa pili, matundu yakafumba kama macho ya paka juani, na wavu wote ukapanda juu mpaka usawa wa kiuno cha kipa. Kumbe ili tundu la mshazari likae mraba, wavu wa mita 10.3 ndio unautundika kwenye mita 7.32, kama asilimia 71 hivi. Baba alilijua hilo kwa mkono tu, hakuwahi kulisema. Ule wavu nimempa jirani, amezungushia kuku.

Mzee mmoja wa Bweni, mvuvi mstaafu, ndiye aliyenifundisha kuanzia pembeni. Unaanza na tundu moja kwenye kona, kila mstari unaongeza tundu mwishoni, ukifika upana unaotaka unaongeza upande mmoja na kupunguza upande wa pili mpaka urefu utimie, kisha unapunguza kote kote. Ukiugeuza, matundu yanakaa mraba yenyewe. Nikapiga hesabu ya sentimita 12 kwa tundu, na hapa ndipo nilipopendezwa mno: 732 ukigawa kwa 12 unapata 61 kamili. Hakuna baki. Matundu 61 kwa upana, 29 kutoka kwenye mtambaapanya kwenda nyuma mpaka chini, jumla 1,769, bila kuhesabu mbavu za pembeni.

Sasa kibao. Anayeshona nyavu anajua kwamba kibao cha kupimia ndicho wavu wenyewe, ukikosea kibao umekosea kila kitu. Nami badala ya kukata kipande cha ubao kama mtu mwenye akili, nilichukua kinga ya ugoko ya mwanangu. Ile ya mguu wa kushoto. Niliipima kwa juu, sentimita 12 na kidogo. Nikasema tazama, Mungu mwenyewe kanichagulia.

Usiku 43 nilishona kwa ile kinga.

Tatizo lake mtoto wa darasa la tatu angeliona. Kinga ya ugoko ni pana juu, chini inachongoka kufuata mguu. Kwa juu 12.1, kwa chini 9.6, niliipima kwa kalipa na namba niliziandika mwenyewe kwa chokaa kwenye ukuta wa karakana. Tena imepinda. Uzi ukiuzungusha juu unateremka wenyewe, na kila ukiteremka tundu linapungua. Tofauti ya sentimita moja kwa tundu, mara 61, ni sentimita 61, yaani karibu hatua moja ya kipa. Ukivuta pembe nne za wavu, katikati unabaki na tumbo, na pembeni umekaza kama ngozi ya ngoma.

Niliyafanya yote isipokuwa lile la maana. Nilivuta uzi kwa nguvu zaidi, matundu yakawa madogo kote na tumbo likabaki. Nilipiga fundo nikiwa nimeushikilia uzi kwa gumba usiteremke. Ndipo gumba lilipoharibika. Nilidhani tatizo ni uzi wenyewe, manila, kwa sababu manila mpya inateleza kweli, nikaanza kuzungusha fundo mara mbili. Hiyo ilisaidia mafundo na nimeibakiza, ila tumbo halikuondoka. Nilifikiria kuichonga kinga iwe sawa juu na chini. Nikawasha grainda, nikaizima. Nilifikiria kuisawazisha kwa utepe wa umeme, lakini pale mbele amebandika stika ya Wagosi wa Kaya, timu ya Coastal Union, na nusu yake imeshachubuka, utepe ungeimaliza.

Yule mzee wa Bweni alikuja, akaishika, akaigeuzageuza. Akasema, "Kibao chako kina kiuno, mwanangu." Akanirudishia, akaomba chai.

Nikaendelea usiku mwingine tisa. Sijui niwaeleze vipi. Si kwamba sikumsikia.

Kilichonisimamisha ni harufu. Ndani ya kinga kuna sponji, na sponji ile ilikuwa na harufu yake, jasho na vumbi na ile dawa ya kuchua anayoipenda kila mchezaji wa mchangani. Nilikuwa nainusa kabla ya kuanza kazi, sioni haya kuliandika. Usiku wa 43 nikainusa, nikakuta manila na mkono wangu. Nilikuwa nimemfuta kwa kushona. Nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga, nikampelekea mama yake. Hakuniuliza. Alikuwa amelala na ile ya mguu wa kulia chini ya mto tangu siku ya hitima, na mimi sikulijua hilo.

Asubuhi nikapasua kipande cha mvule, sentimita 11.6, kwa sababu unene wa uzi na fundo unaongeza ile milimita nne. Nikakipiga msasa mpaka kikateleza. Usiku 19, wavu ukaisha. Kumi na tisa!

Maneno mawili juu ya vifaa, kwa kuwa nimeudhika. Sindano ya plastiki ya dukani ni ya kuchezea, ulimi wake unakatika ukiijaza manila ya milimita 3. Mimi kwa ujuaji wangu nilikata ya aluminiamu, nzuri kwa macho, kingo zake zikawa zinakwangua uzi kila zikipita, nimeitupa. Iliyofaa ni ya mwanzi, aliyoichonga yule mzee kwa kisu cha jikoni akiwa anazungumza habari nyingine. Ncha za uzi nazichoma kwa kiberiti cha gesi, na ukiziminya tumia koleo, usitumie vidole kama mimi. Kulabu za chuma chini ya mtambaapanya nilizichomelea nane halafu nikazikata zote: kipa akirukia mpira akanasa kidole pale, kidole kinabaki. Nimefunga kwa kamba, kila tundu la tatu.

Jambo jingine nililolisoma usiku nisipolala: wavu wa goli si wa zamani kama mpira wenyewe. Aliyeubuni ni injinia wa Liverpool, John Alexander Brodie, mwisho wa miaka ya 1880, na mechi zikaanza kuutumia mwaka 1891. Sababu yake? Ubishi. Limeingia, halijaingia. Nilitamani nimsomee mtu habari hiyo.

Usiku huo huo ndio uliniharibia mpango. Mpango ulikuwa hivi: wavu wa pili, rangi nyeupe milingoti yote, vigingi vya kuvuta wavu nyuma, na juu ya mtambaapanya herufi za jina lake kwa uzi wa njano. Lakini ukisoma habari za mpira usiku, unafika kwa Foé. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, Lyon, tarehe 26 Juni 2003, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa, miaka 28, moyo ulikuwa na msuli mnene. Daktari wetu alituambia moyo, na akatuambia hawezi kusema zaidi, kwa sababu hatukutaka apasuliwe. Halafu unafika kwa Eriksen wa Denmark, Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021. Naye alianguka bila kuguswa. Wakamkandamiza kifua palepale, mashine ikaustua moyo, na yuko hai, na alirudi kucheza.

Sisi tulimmwagia maji. Tukampepea kwa shati. Mimi nilifika nikambeba mpaka kwenye bodaboda.

Kwa hiyo rangi imesimama, na herufi nimeziacha, na mezani kwangu sasa kuna kifua. Muuguzi mmoja, jirani yetu, amenionyesha kwenye godoro: katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na uache kifua kirudi juu kila mara. Godoro halifundishi kitu, linakubali chochote. Nataka kifaa ambacho mtoto wa miaka 12 akikikandamiza ajue amefika. Mbao mbili, springi katikati, na kizibo cha chupa ya soda kinacholia ta! kikifika sentimita 5. Kizibo kinalia. Springi ndiyo kesi mpya. Ya shokapu ya pikipiki haishuki hata nikiikalia. Ya kochi inashuka kwa kidole kimoja. Nimejaribu za kochi tatu kwa pamoja, zinakimbia pembeni. Nimeanza kuziwekea bomba la kuziongoza. Msinicheke, usiku wa pili huu.

Leo sasa. Tulitundika wavu, mimi na watoto sita, na mawe ya kushikia chini maana vigingi sijavifanya. Shuti la kwanza walinitaka nipige mimi, nikakataa. Akapiga yule mrefu aliyekuwa akicheza naye kushoto, akapiga kwa nguvu kupita kiasi kama mtu anayevunja mlango. Mpira ukaingia juu kulia, wavu ukajaa, ukatulia, mpira ukadondoka taratibu chini ya mstari wa nyuma. Hakuna aliyeshangilia. Yule mdogo wao wa miaka tisa hivi, ambaye kazi yake siku zote ni kukimbilia minazi, alikuwa ameshatoka mbio. Alifika mpaka mnazi wa kwanza ndipo akageuka, akauona mpira uko ndani. Akabaki amesimama pale hajui afanye nini na miguu yake. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, na ikabidi niende nikakae kwenye jiwe.

Tangu mazishi watu wananiita fundi. Au mzee. Unamwona mtu anafungua mdomo, anakumbuka, anabadilisha. Hata mke wangu.

Wakati wa kukusanya vitu yule mdogo akanifuata, mpira kwapani, akauliza kama anayeuliza bei ya andazi: "Baba Winga, la pili lini?"

Nikamwambia wiki ijayo.

Nimefika nyumbani nimekisogeza kifua pembeni ya meza, springi zake zimetoka. Nimejaza sindano mbili. Tundu la kwanza liko kwenye kibao.