Chakula cha paka

Dada kasafiri, kaniachia paka na shehena ya makopo. Leo asubuhi nimevuta kifuniko cha kopo la kwanza, harufu ya samaki aliyelala kwenye mchuzi mzito ikanipiga usoni, na badala ya kumfikiria paka anayelia miguuni, nikamfikiria mzee wa mto Kennet.

Ilikuwa miaka yangu ya kuishi Reading, mji wa Uingereza. Mzee alikuwa na leseni ya kutega kamba wa mtoni. Mimi nilikuwa na Jumamosi zisizo na kazi. Chambo chake kilikuwa hichohicho, chakula cha paka. Analitoboa kopo kwa bisibisi, analifunga kwa waya ndani ya dema la wavu wa nailoni, analizamisha pembeni mwa ukingo, tunarudi kesho yake. Kila dema lilivaa lebo ya leseni, na mdomo wake haukuruhusiwa kuzidi milimita 95, fisimaji asije akaingia akazama.

Kamba wenyewe, wanaoitwa kule signal crayfish, asili yao ni Amerika Kaskazini. Uingereza waliletwa miaka ya 1970 wafugwe kwa biashara, wakatoroka mabwawani, na tangu hapo mito ni yao. Wanachimba kingo mpaka udongo unaporomoka. Wanabeba ugonjwa wa ukungu wa maji ambao wao wanaishi nao, ila kamba wa asili wa Uingereza unamteketeza. Ndiyo sababu tukitoka mtoni buti zilikaguliwa, zikaoshwa, zikaanikwa hadi zikauke kabisa kabla ya kugusa maji mengine. Na sheria ya kule haina utani: kamba huyu ukishamtoa majini, humrudishi. Anakwenda kwenye friza.

Ilikuwa Mei. Mzee akavuta ugwe, dema likapanda zito, akalitundika kwenye tawi juu ya maji lichuje. Ndani madume mapana yamekabana magando, na katikati yao jike mmoja. Jike mwenye mzigo kwa kawaida hujibanza shimoni. Huyu sijui ni njaa au ni kopo. Mzee akaingiza mkono, akamshika mgongoni, pale magando yasipofika, akamtoa na kumpindua. Kwenye kiungo cha kila gando alikuwa na lile doa lao jeupe linaloelekea ubuluu, na upande wa chini magando ni mekundu.

Kisha akamkunjua mkia.

Vitoto vilijaa tele. Unaona hadi ndani ya miili yao, lakini kila kimoja kilikuwa kimekamilika: macho mawili meusi, vigando vyembamba kama uzi, kimeng'ang'ania vimiguu vya chini ya mkia wa mama yake. Niliinama mpaka pua ikakaribia kuguswa. Nilitaka kuona kama vinapumua, sijui kwa nini. Jike akapiga mkia mara moja, pa! vichache vikabaki kwenye kiganja cha mzee, na ndipo sote wawili tulipogeuka kulitazama dema. Kwenye nyuzi za wavu kulikuwa na vingine. Vilikuwa vikiteleza pamoja na matone, kimoja kimoja, kurudi mtoni.

Mzee akalinyakua dema, akalitupa majanini. Akatazama maji kidogo.

"Hao," akasema, "sheria haiwahusu."

Tukaendelea na dema lililofuata. Siku zilizobaki za msimu ule nimezichanganya: mvua, chai ya chupa, friza iliyojaa hadi mkewe akanuna.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kijito kimoja cha Yorkshire. Walikuwa wamekausha vipande vya kijito hicho na kuokota kila kamba waliyeweza kumpata. Palipokuwa na msongamano zaidi walipata zaidi ya 100 kwa mita moja ya mraba. Waliofikia ukubwa wa kunaswa na mtego wa kawaida? Asilimia 2.3 tu. Na ukizingatia kwamba wakubwa huwala wadogo, mtu anaweza kujiuliza yale madume tuliyokuwa tukiyaondoa kwa bidii tulikuwa tukimsaidia nani.

Nilisita kabla ya kumpelekea mzee matokeo hayo. Mtu katoa uzee wake kwa mto, wewe unampelekea asilimia! Nikampelekea hivyo hivyo, maana kumficha ingekuwa kumdharau.

Akajibu kwamba aliisoma siku nyingi, na anaona hesabu zao ziko sawa. Madema bado anazamisha. Ukaidi au uaminifu, sijaamua, na mara nyingine nadhani kwa mtu kama yeye havitofautiani sana. Mwishoni akaongeza kwamba mashimo ya ukingo wa chini ya daraja anaona kama yamepungua mwaka huu, isipokuwa kama yaliyopungua ni macho yake.