Nimekubali kupasuliwa mgongo

Jumapili, baada ya isha.

Kesho kutwa natakiwa kumpa daktari jibu: napasuliwa au naendelea kungoja. Nimeshaamua. Naandika nilivyofika hapa kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili nilikutana na matangazo ya dawa za mgongo tu, na najua kuna mwingine usiku huu analala kwa ubavu mmoja kama mimi.

Tatizo langu liko kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, L4 na L5 kwenye majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye nyuzi ngumu nje na ute mzito ndani. Nyuzi za diski yangu zimechanika, ute umetokeza kwa nyuma na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kiuno kinauma, nakivumilia. Mguu ndio unaoniliza: maumivu yanaanzia takoni, yanapita pajani na kando ya ugoko hadi juu ya wayo.

Daktari aliniambia nivue viatu nitembee kwa visigino, vidole vikiwa juu. Vya kushoto vikainuka. Kidole gumba cha kulia kikabaki kimelala, nami nakitazama. Hapo nikaelewa kwa nini ndala ya kulia imekuwa ikinivuka njiani bila mimi kuhisi, hadi mtu aniite nyuma: "Mama, kiatu chako!"

Mama yangu alikataa katakata. "Mwanangu, mgongo hauguswi. Utapooza." Sikumbishia, ila nilimwuliza daktari swali hilohilo. Alinichorea. Uti wa mgongo wenyewe, yaani ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya pingili, unaishia juu, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo inaning'inia mizizi ya mishipa ya fahamu tu, na mimi nitapasuliwa chini ya hapo. Hatari zipo, hakunificha: kidonda kuingia wadudu, utando unaofunika mishipa kutoboka na maji yake kuvuja, mshipa wenyewe kuumia, au diski ileile kutokeza tena baadaye. Kupooza miguu yote miwili kunaweza kutokea, lakini ni nadra sana.

Upasuaji wenyewe nilidhani ni kufumua mgongo mzima. Kumbe utapigwa nusu kaputi, utalazwa kifudifudi, wapige eksirei kuhakikisha pingili ni yenyewe, kisha wachane sentimita chache. Msuli unasogezwa, kipande kidogo cha mfupa kinapunguzwa, mshipa unavutwa pembeni taratibu na kile kilichotokeza kinatolewa. Diski iliyobaki inaachwa mahali pake. Wengi husimama na kutembea siku hiyohiyo au kesho yake.

Daktari akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya nimwamini: "Mimi naufuata mguu. Kiuno sikuahidi."

Kijana wa dada yangu, anayesomea udaktari, alinisomea utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007. Wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu waligawanywa, kundi moja lipasuliwe mapema, jingine lingoje kwa dawa na ushauri. Baada ya mwaka, takriban asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Tofauti ilikuwa muda: waliopangiwa kisu walipata nafuu hiyo kwa wiki 4 hivi, waliongoja kwa wiki 12. Na kati ya hao waliongoja, asilimia 39 waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo.

Nimeyatafakari sana haya. Mwili mara nyingi hujitengenezea wenyewe, ute ule hunywea, na mwenye mshahara na likizo ya ugonjwa ana haki kabisa ya kungoja. Mimi ni fundi cherehani. Nisipokanyaga pedeli, siku hiyo haina chakula. Kwangu mimi upasuaji ni kununua muda, na muda ndicho kitu nisichokuwa nacho. Tena mguu unazidi kulegea, na daktari amesema udhaifu unaoongezeka haufai kusubiriwa kama yanavyosubiriwa maumivu peke yake.

Anayesoma hili na bado anangoja, ajue jambo moja lisilongojeka: ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo ukagoma kutoka, au haja ikakutoka bila kujua, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje kukuche, usiende kuchuliwa.

Mama amelainika kidogo. Hajasema ndiyo, lakini ameuliza nitakaa muda gani bila kunyanyua ndoo, na kesho anapanda basi kuja. Wateja wenye vitambaa vyangu nimewapigia. Wa sare za harusi nimempeleka kwa fundi mwenzangu wa jirani, kazi yake naiamini.