Nilipoacha kuchora majani ndipo nikapata msitu

Msitu wangu wa kwanza ulifanana na zulia la kijani lililotundikwa ukutani. Wiki tatu nilichora jani mojamoja, kila jani na ncha yake, na kadiri majani yalivyoongezeka ndivyo miti ilivyozidi kupotea.

Nikarudi kutazama picha za Jacob van Ruisdael, Mholanzi wa karne ya 17, safari hii nikiwa nimefinya macho mpaka vitu vidogo vikafutika. Yakabaki mafungu ya giza na mwanga tu. Majani yanayoonekana kweli yalikuwa machache, tena pembezoni mwa mafungu hayo.

Nikaanza upya. Turubai niliipaka kahawia nyepesi, nikaiacha ikauke. Juu yake nikaujenga msitu mzima kwa kahawia tupu: vivuli kwa rangi nyembamba, mwanga kwa kufuta na kitambaa rangi ikiwa bado mbichi. Hatua hii inachosha, maana hakuna kijani hata tone, lakini picha ikikataa hapa imekataa. Yangu ilikataa mara mbili.

Kijani nacho kilinisumbua. Nilizoea kukikamua kutoka kwenye tyubu moja kwa moja, kikawa kikali mno. Nikachanganya nyeusi na ocha ya manjano, rangi itokanayo na udongo. Amini usiamini, hutoa kijani kilichotulia, chenye uzee ndani yake. Miti ya mbali niliitia buluu na nyeupe, ikasogea nyuma yenyewe. (Ukikuta majani ya buluu kwenye picha za kale za Kiholanzi, mara nyingi ni rangi ya manjano iliyopauka kwa miaka, buluu ikabaki peke yake.)

Upande wa kushoto nikasimamisha mti mkubwa wa giza, mbinu aliyoipenda Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari wa karne ya 17, ili jicho lianzie kivulini likimbilie mwanga wa mbali. Kisha nikaharibu: matundu ya anga kati ya matawi niliyapaka rangi ileile ya anga, yakawaka kama taa. Ilibidi niyafifishe, kwa kuwa ndani ya tundu dogo kuna vijiti na majani yanayopunguza mwanga.

Kila tabaka la juu nililitia mafuta ya kitani mengi kidogo kuliko la chini yake, rangi isije ikapasuka.

Majani yalikuja siku ya mwisho, kwa brashi kuukuu iliyotawanyika nywele. Hayakuchukua hata nusu saa.