Banda la Mashine Nyuma ya Nyumba

Banda la karakana ninalolijenga nyuma ya nyumba, hapa Morogoro, lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, na fedha nyingi zimezama kwenye sakafu kuliko kwenye kuta, kwa kuwa mashine ya kukereza vyuma isipokaa sawasawa hujipinda kidogo, na kipande kinachokerezwa hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Mahali itakapokaa mashine hiyo, zege lina nondo na unene wa sentimita 20. Umeme nimeomba wa fezi tatu, volti 400, unaozifaa mota kubwa. Mashine ya kunolea nimeitenga karibu na mlango, kwani vumbi lake, likichanganyika na oili, hula reli za mashine nyingine, yaani njia za chuma ambazo sehemu zake huteleza juu yake. Mafundi wengi hulipuuza jambo hilo, nami sielewi kwa nini.