Nani atamwambia mzee Aegyptius?

Posa ya mdogo wangu imejibiwa, wageni wameondoka, masufuria ya watu yamerudishwa. Mimi bado nimo ndani ya pango la Polyphemus, lile zimwi la jicho moja la Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, na watoto wa darasa la awali, kwa sababu ya swali moja lililoulizwa Jumanne.

Mnajua ninavyolisimulia pango. Jiwe la mlangoni huja kwanza, kabla mtu hajaliwa. Homer anasema magari 22 ya magurudumu manne yasingelisogeza. Mtoto asipolishika jiwe hilo, atauliza kwa nini Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca anayerudi kutoka vitani Troy, hakulichoma zimwi upanga lilipolala, na hadithi itakwama hapo. Wangeliua, nani angewafungulia?

Kisha vizibo vya soda mkekani: 12 vya mabaharia na kimoja cha Odysseus. Jioni vinaondoka 2, asubuhi 2, jioni ya pili 2. Siku ya kutoroka, kila baharia aliyebaki anafungwa chini ya kondoo dume wa katikati, mmoja kushoto, mmoja kulia. Watu 6, kondoo 18. Odysseus ananing'inia chini ya dume kubwa kuliko wote, peke yake.

Walioliwa siwafichi. Mwaka 1808 Charles Lamb alipowaandikia watoto wa Uingereza safari hizi, mchapishaji wake William Godwin alimtaka alainishe sehemu hiyo. Namwelewa Godwin, lakini sikubaliani naye. Ukifuta kuliwa, ule mti wa mzeituni uliochongwa ncha na kutiwa motoni unakuwa ukatili mtupu: mgeni ameingia nyumba ya watu, amemtoboa jicho mwenye nyumba. Nasema "likawala" mara moja, damu na mifupa naviacha, tunaendelea.

Aliyeuliza ni yule mdogo wa mbele, asiyependa kusema. Alikuwa amevikusanya vile vizibo 6 vya walioliwa kiganjani.

"Mwalimu, hawa waliitwa nani?"

Kitabu cha tisa cha Odyssey, chenye habari za pango, hakiwataji. Cha pili kinamtaja mmoja, nami nilifurahi kuwa na jibu.

"Mmoja aliitwa Antiphus. Ndiye aliyeliwa mwisho."

"Ana baba?"

"Anaye, yuko Ithaca. Mzee Aegyptius."

"Ameambiwa?"

"Hajaambiwa, mwanangu."

"Nani atamwambia?"

Wazazi wakaanza kuingia kuchukua watoto. Naye akavirudisha vizibo koponi, kimoja kimoja, akaenda zake.

Nani atamwambia? Nimekipekua kitabu chote kichwani wiki nzima. Baraza la Ithaca halijakaa tangu Odysseus aondoke, karibu miaka 20. Linapoitwa, wa kwanza kusimama ni mzee huyo, mgongo umepinda, anauliza kama kuna habari za jeshi kurudi. Anasema huku akimlilia Antiphus. Sisi tunajua kijana ameishia wapi, yeye hajui. Odysseus anaporudi, habari za zimwi anamsimulia mkewe Penelope usiku chumbani. Kwa Aegyptius, Homer hamfikishi. Na zaidi ya hapo, mtoto mwingine wa Aegyptius, Eurynomus, yumo kati ya wachumba waliokuja kumposa Penelope mumewe akiwa hayupo, ambao Odysseus anawaua wote. Mzee anabakiwa na wawili wanaolima shamba. Miaka yote nimewasomea watu wazima mistari hiyo bila kusikia mtu akiulizia pole ya mzee.

Jana usiku uzito ukaanza kunitoka, nikaona cha kufanya. Jumanne ijayo sitakwenda kwa yule mchawi Circe kama nilivyopanga. Nitamsimamisha Aegyptius barazani aulize swali lake, kisha watoto waamue nani aende kumwambia na aanze na neno gani. Wameshakaa misibani, wanajua mfiwa huanza kupewa pole. Robo saa itatosha. Ikizidi hapo, wa nyuma huanza kusukumana. Eurynomus nitamwacha mpaka wafike darasa la nne. Vizibo vile 6 nitampa yule mdogo wa mbele avishike tangu mwanzo, na akitaka kuwa wa kwanza kusema, wengine watasubiri.

Vuli imeanza, na bati la upande wa jikoni halijapigiliwa. Fundi alisema Alhamisi. Leo Jumapili, simu hapokei.